Watoto Wacheze Mchezo wa Mafunjo

Ninyi walimu wa madarasa ya chini, leo nataka kueleza jinsi mchezo wa kuigiza uwezavyo kumfundisha mtoto kulinda ziwa na vinamasi vyake.

Ziwa Viktoria lina eneo lipatalo kilomita za mraba 68,800, nalo ni la Tanzania, Uganda na Kenya. Pembezoni mwake, mahali pengi, pameota mafunjo. Mpita njia huyaona kuwa majani tu, tena makao ya mbu. Lakini mafunjo yana kazi kubwa. Maji ya mvua yatokayo mashambani huchukua udongo na mbolea. Yakifika katika mafunjo hupunguza mwendo, udongo hutua chini, na mizizi hula sehemu ya ile mbolea. Tena samaki wadogo hujificha humo, kwa sababu sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, hawezi kuvumilia maji yenye hewa haba.

Mambo haya ukiyaandika ubaoni, mtoto wa miaka saba atayakariri leo na kuyasahau kesho. Basi yachezwe. Wasimamishe watoto kumi na watano bega kwa bega, mikono wameinyosha: hao ndio mafunjo. Nyuma yao wakae samaki wadogo, na kando yao sangara mmoja. Wengine wawe mvua, waje mbio kutoka upande wa shamba wakichukua majani makavu, ndiyo udongo. Kila aguswaye na mafunjo ayaangushe majani yake. Kisha aingie mkulima na jembe la kijiti, akate mafunjo kumi. Mvua inyeshe tena. Sasa udongo wawafikia samaki, na sangara apata njia ya kuingia. Hapo mwalimu asihubiri, aulize tu, "Kumetokea nini?"

Lakini jihadharini na jambo moja. Mkulima huyo asifanywe mtu mwovu wa kuchekwa. Wazazi wengi hulima kinamasi wakati wa kiangazi, kwa kuwa huko ndiko kuliko na unyevu, na watoto hao hao hula mboga zitokazo huko. Mtoto akifundishwa kumdharau baba yake, hatalipenda ziwa, ataichukia shule. Kwa hiyo mkulima apewe maneno yake, aieleze njaa iliyomleta. Kisha wote watafute shauri. Labda watamwomba aache ukanda wa mafunjo kando ya maji. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 yataja mita 60. Labda watashauri mafunjo yakatwe kwa kiasi, yasukwe mikeka, na mizizi iachwe ichipue.

Siku ya mchezo waalikeni wazazi. Tarehe 2 Februari yafaa sana, kwa kuwa ndiyo ukumbusho wa mapatano ya vinamasi yaliyofanywa mjini Ramsar, nchi ya Irani, mwaka 1971. Haifai mtoto kumkaripia mzee. Lakini mzee autazamaye mchezo hujipima mwenyewe, wala haaibishwi na mtu. Samaki mkunje angali mbichi, na gharama yake ni majani makavu na kijiti kimoja.