Nambari ya Bunduki na Jina la Njaa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilinijia akilini nilipokuwa nimeketi chini ya mwembe katika boma moja nje kidogo ya mji wa Machakos. Mbele yangu palikuwa na meza ndogo, na juu ya meza bunduki kuukuu, tupu, imefunguliwa vipande viwili. Kando yake ulikuwapo mkebe wa bati wenye leseni zake zote. Mzee mwenye boma alikuwa ameamua kuisalimisha kwa polisi, kwa sababu macho yake yamefifia na hakuna mwanawe aliyetaka kuirithi. Lakini kabla haijaondoka, palikuwa na ugomvi wa kusuluhishwa.

"Mwalimu," aliniambia, "kazi yako ni kusoma maneno. Tusomee na haya yaliyo chumani. Mjukuu wangu anasema marehemu baba yangu alikuwa mwongo."

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Tangu zamani ukoo huo umeiita silaha hiyo "bunduki ya Ngomanisye". Ngomanisye, kwa asiyefahamu, ni njaa kuu iliyoikumba Ukambani mwishoni mwa karne ya 19, kati ya 1897 na 1901, wakati reli kutoka Mombasa ilipokuwa ikijengwa. Jina lake hufasiriwa kuwa njaa iliyoenea kila mahali. Wakamba, kama jamii nyingi za Afrika, hawakuihesabu miaka kwa tarakimu. Waliipa majina, na aghalabu jina lilikuwa la njaa. Kwa hiyo watoto wa boma hilo walikua wakiamini kwamba bunduki ilimfikia babu yao katika siku za njaa hiyo. Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, akasoma maneno "Model 12" kwenye mtutu, akauliza huku na huku, akaambiwa kwamba bunduki za aina hiyo zilianza kutengenezwa mwaka 1912. Basi babu alidanganya.

Nilianza na chuma. Bunduki hiyo ni ya marisau, ya aina iitwayo pampu: mpigaji huvuta nyuma kishikio kilicho chini ya mtutu, ganda lililotumika likatoka, kisha hukirudisha mbele, risasi nyingine ikaingia. Iliundwa na kampuni ya Winchester ya New Haven, Marekani. Hapo awali kampuni hiyo iliuza pampu ya mwaka 1897 iliyobuniwa na John Browning. Mnamo 1912 ikaleta hii mpya, kazi ya T. C. Johnson, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1960 ilikuwa imetengeneza karibu milioni 2.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa jina. Bunduki za mwanzo za aina hiyo zilipigwa chapa "Model 1912". Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza chapa ikafupishwa ikawa "Model 12", kama iliyokuwa mezani. Ushahidi wa pili ulikuwa nambari, ambayo hupigwa mahali pawili: kwenye mwili wa bunduki na kwenye sehemu ya mtutu inayoungana na mwili huo. Zisipolingana, mtu ajue kwamba vipande viwili havikuzaliwa pamoja. Hizi zililingana. Ushahidi wa tatu ulikuwa tarakimu mbili ndogo chini ya mtutu, 26, ambazo hudokeza mwaka mtutu ulipotengenezwa.

Hapo kijana akatabasamu kama wakili aliyekwisha kushinda kesi. Nilimwomba asubiri.

Nilimweleza kwamba nambari nayo ni lugha, na kila lugha ina sarufi yake. Chukua mfano wa kampuni nyingine ya Marekani, Remington. Kuanzia 1921 ilipiga herufi kwenye mitutu yake, moja ya mwezi na nyingine ya mwaka. Miezi ilipewa herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya baruti nyeusi, BLACK POWDER, ambayo yana herufi 11 zisizojirudia. Desemba ikaongezewa X. Asiyeujua ufunguo huo ataitazama herufi K asione chochote, kumbe ameonyeshwa Mei.

Isitoshe, tarehe ya nambari si tarehe ya bunduki nzima. Madaftari ya kiwanda yanaweza kutuambia siku nambari ilipopigwa chumani. Lakini bunduki ingeweza kulala ghalani kabla ya kuuzwa, ikavuka bahari baadaye, ikabadilisha mikono mara tatu. Hata orodha zilizochapwa vitabuni mara nyingine huhitilafiana na madaftari yenyewe. Kumbukumbu za Winchester zilizosalia zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Cody, jimbo la Wyoming, na si kila nambari iliyobakiwa na ukurasa wake.

Baada ya chuma niliugeukia mkebe. Leseni ya kwanza yenye jina la ukoo huo ilikuwa ya 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru. Hapo mambo yalizidi kuwa mabaya kwa marehemu. Kati ya Ngomanisye na leseni hiyo pana zaidi ya miaka 60.

Ndipo dada mkubwa wa mzee, ajuza aliyekuwa amenyamaza muda wote akichambua maharagwe, aliponyanyua kichwa. "Nani amewaambia kwamba Ngomanisye ni mwaka tu?" akauliza. "Hilo ndilo jina tulilomwitia baba. Alizaliwa katika njaa ile."

Msomaji, nakiri kwamba niliona haya. Ninafundisha sarufi, na kosa lilikuwa la sarufi. Katika Kiswahili, na katika Kikamba vilevile, kile tunachokiita "-a" unganifu hubeba mahusiano mengi. "Chakula cha jioni" ni wakati, "chakula cha mtoto" ni mlaji, "chakula cha Mombasa" ni mahali. "Bunduki ya Ngomanisye" yaweza kuwa bunduki iliyopatikana wakati wa njaa, na yaweza kuwa bunduki ya mtu aitwaye kwa jina la njaa. Ukambani hadi leo wako akina Wayua wengi, na jina lao latokana na njaa. Mzee hakudanganya. Wajukuu walirithi maneno bila ufunguo wake, sawasawa na mtu aliyeiona K asijue kwamba ni Mei.

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Chuma bila mdomo kingetuambia 1926 na kumfanya marehemu mwongo. Mdomo bila chuma ungetupeleka 1899 na kutufanya sisi wajinga. Na vyote viwili bila karatasi ya 1964 visingetuonyesha lini silaha iliingia katika boma lile. Kila shahidi alihitaji mwenziwe.

Mfano mwingine uko hapa hapa Machakos. Mnamo Aprili 1909, aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliteremka katika stesheni ya Kapiti na kuanza safari yake ya uwindaji. Miongoni mwa silaha zake ilikuwamo bunduki ya marisau ya mitutu miwili, zawadi kutoka kwa mtengenezaji A. H. Fox wa Philadelphia. Mwaka 2010 bunduki hiyo iliuzwa mnadani kwa dola 862,500. Bei hiyo haikulipiwa chuma na mbao peke yake. Ililipiwa habari, kwamba barua na maandishi viliifuata silaha hiyo kila ilikokwenda. Bunduki ya jirani yangu nayo imeishi katika nyanda hizo hizo, lakini nani aliyeandika habari zake?

Serikali yetu imeteketeza silaha haramu mara kadhaa. Mwaka 2016 huko Ngong zilichomwa 5,250. Siupingi moto huo, kwa maana bunduki isiyo na mwenyewe ni msiba unaosubiri siku yake. Ninachoomba ni kwamba kila silaha, kabla ya kuyeyuka, iache nyuma nambari yake, chapa zake na mahali ilipopatikana, na rejista hiyo hatimaye ifike katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, mahali mtafiti atakapoweza kuisoma. Makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya 2005 kuhusu ufuatiliaji wa silaha yanazitaka nchi zitunze kumbukumbu kwa angalau miaka 20, na za utengenezaji kwa angalau 30. Miaka 20 ni nini kwa silaha kama ile, ambayo umri wake ni takriban karne moja? Rejista inayotupwa baada ya miaka 20 itakuwa imekufa, na bunduki ingali hai.

Wajibu mwingine ni wetu sisi wenyewe. Tuna wazee wanaojua majina ya miaka, na vijana wanaojua kusoma nambari, nao wanaishi boma moja bila kuulizana.

Jioni ile kijana alichukua daftari la shule, akaandika nambari, akaandika 26, akaandika 1964, kisha akamwendea nyanya yake mkubwa na kumwomba amtajie upya majina yote ya babu, mojamoja, pamoja na sababu zake. Bunduki ilipelekwa kituoni juma lililofuata. Daftari limebaki nyumbani, na ndilo lililokuwa urithi tangu mwanzo.