"Tall" au "high"? Chunga ulimi!

Kiswahili kimetupa neno moja, "-refu", nalo hufanya kazi nyingi. Mtu ni mrefu, mlima ni mrefu, barabara ni ndefu, na hata kisima ni kirefu. Kiingereza hakina mtindo huo. Barabara ni "long", kisima ni "deep", nayo yanayosimama wima yamegawanywa kati ya "tall" na "high". Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa.

"Tall" hutumika kwa kitu ambacho kimo chake kimeuzidi upana wake: mtu, twiga, mnazi, mlingoti, au jumba kama lile la KICC jijini Nairobi. "High" hupendelewa kwa vitu vipana, kama vile ukuta, ua na mlima. Mlima Kenya, wenye mita 5,199, ni "high".

Lakini "high" ina kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Huonyesha mahali kitu kilipo, si kimo chake. Wingu ni "high", wala haliwezi kuwa "tall". Mji wa Iten uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo ni "high". Mwanariadha anayefanya mazoezi huko anaweza kuwa mfupi, yaani si "tall" hata kidogo! Vivyo hivyo, kabati linalokaribia kugusa dari ni "tall", ilhali rafu ambayo mama huficha sukari watoto wasiifikie ni "high".

Je, ukiwa na shaka ufanyeje? Tafuta kinyume cha neno. Kinyume cha "tall" ni "short", na cha "high" ni "low". Mtu mfupi huitwa "short", basi mrefu ni "tall". Dari iliyo chini huitwa "low", basi iliyo juu ni "high".

Mzazi, usilichukulie jambo hili kuwa dogo. Kijana akimwandikia mwajiri kwamba yeye ni "high" akidhani anataja kimo chake, atakuwa ametangaza kwamba amelewa dawa za kulevya! Kazi itampita kwa sababu ya neno moja.

Leo mkiwa mezani, watajie watoto vitu vitano vilivyomo nyumbani, kila mmoja achague neno lake na aeleze sababu. Watakaobishana ndio watakaokumbuka.