Pistoni Ina Mbele na Nyuma

Pistoni mpya ikitoka kwenye boksi huonekana duara tupu la alumini, pande zote sawa. Ndiyo maana wengi huamini inaweza kuingia kwenye silinda vyovyote, mradi ringi zimebanwa vizuri. Lakini pistoni ina mbele na nyuma, konrodi yake nayo ina mbele na nyuma, na pande hizo lazima zikubaliane kabla pini haijapita katikati yao.

Chukua 1HZ ya Toyota, dizeli ya silinda sita ambayo imezisukuma Land Cruiser za watalii na za miradi ya vijijini tangu miaka ya 1990. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 94, na pistoni husafiri milimita 100 kutoka chini hadi juu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 katika sekunde moja, kwa wastani wa mita 10 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, milimita moja si kitu kidogo.

Na hesabu yenyewe ni ya milimita. Katika injini nyingi tundu la pini haliko katikati kabisa ya pistoni. Limesogezwa upande mmoja, mara nyingi kwa milimita moja hivi au pungufu. Mlipuko unapoisukuma pistoni chini, konrodi huwa imeinama, kwa hiyo pistoni huulalia ukuta mmoja wa silinda kwa nguvu kuliko ule wa pili. Ikifika juu inahama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Kusogezwa kwa pini kunaifanya ihame taratibu badala ya kuupiga ukuta. Ukiifunga nyuma mbele, kinga hiyo umeiondoa: injini itagonga asubuhi ikiwa baridi, na mwenye gari ataambiwa ndivyo dizeli zilivyo.

Madhara mengine hayasubiri asubuhi. Valvu ya kuingiza hewa kwa kawaida ni kubwa kuliko ya kutoa moshi, kwa hiyo vishimo vya kuzipisha valvu juu ya pistoni havilingani. Igeuze, na valvu kubwa itakutana na kishimo kidogo. Dizeli nyingi zina noseli ya oili ya kupooza pistoni chini ya kila silinda, na sketi ya pistoni imekatwa upande mmoja ili iipishe. Zipo pia konrodi zenye tundu dogo la kurushia mafuta kwenye ule ukuta unaolemewa. Ukizigeuza, mafuta yanalowesha ukuta usio na shida.

Mtengenezaji hakumwachia fundi abahatishe. Kichwani mwa pistoni kuna nukta, mshale au mkato, na kwa kawaida unaelekea mbele ya injini, yaani upande wa mkanda wa taimingi, si wa giaboksi. Kwenye konrodi za Toyota kuna kinundu ubavuni, na kingine kwenye kepu. Nukta ya pistoni na vinundu hivyo vikae upande mmoja. Kwenye injini za V kuna jambo la ziada: konrodi mbili hushiriki pini moja ya kranki, na mdomo wa konrodi uliopunguzwa zaidi ukingoni ndio unaoelekea ukuta wa kranki, ambako kona yake ni ya mviringo. Ukiugeuza, ukingo wa beringi unapanda kwenye kona hiyo na kuanza kuliwa.

Kwa maoni yangu, makosa mengi ya kufunga hufanyika siku ya kufungua. Sampu imeshushwa, konrodi zinatolewa moja moja, kepu zote sita zinatupwa kwenye karai moja la dizeli zioshwe. Hapo kazi imekwisha haribika, maana tundu la chini la konrodi lilichongwa kiwandani kepu ikiwa imefungwa mahali pake. Kepu ya namba 2 haina mwenzake mwingine duniani ila konrodi ya namba 2. Ikiwekwa kwenye namba 5, au ikirudi kwake ikiwa imegeuzwa, tundu halitakuwa duara kamili, beringi itabanwa mahali fulani na kulegea kwingine, na miezi michache baadaye gari limenoki.

Kwa hiyo, kabla bolti ya kwanza haijalegezwa, tafuta namba ubavuni mwa kila konrodi na kepu yake. Kama hazipo, piga alama kwa senta panchi, nukta moja kwa silinda ya kwanza, mbili kwa ya pili, zote upande mmoja. Piga picha kwa simu. Kila kepu irudishwe kwa konrodi yake kwa mkono, palepale.

Kuna mahali pengine pa hatari: karakana ya mashine. Konrodi hupelekwa kunyooshwa na kubadilishwa bushi, nazo hurudi pistoni mpya zikiwa zimeshafungwa, kila mmoja akiamini mwenzake ameangalia. Fundi asizipokee hivyo. Azipange mezani kwa mstari, vichwa juu, atazame alama moja moja. Pini ya kuelea, iliyo kwenye dizeli nyingi za Toyota, haihitaji nyundo: pistoni ikipashwa moto hadi nyuzi 80 hivi, pini huingia kwa kusukumwa na kidole gumba, kwa hiyo kurekebisha kosa hapo ni kazi ya dakika chache. Na pistoni za zamani zisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mpaka injini iwake. Pistoni mpya ikija bila alama, ile kuukuu ndiyo shahidi pekee wa mahali kishimo cha valvu kilipokuwa.

Wakati wa kufunga, katika injini nyingi vijino vya beringi mbili hukutana upande mmoja. Visipokutana, kepu imegeuka. Kaza kwa toki renchi kwa kipimo cha injini hiyo, na kila konrodi ikishakazwa, zungusha kranki kwa mkono mzunguko mzima. Itazidi kuwa nzito kidogo kidogo kwa sababu ya ringi, hilo ni sawa. Ikikaza ghafla, acha hapo hapo, fungua kepu uliyomaliza sasa hivi na usome namba zake tena.