Fungua Kifurushi Kabla Hujakituma

Kompyuta ikiandika 07:00, Mswahili husoma saa moja asubuhi. Mtoto wa darasa la pili anaifanya hesabu hiyo bila kujua kwamba anahesabu. Kompyuta haiifanyi mpaka ielekezwe. Ndiyo maana mtu anayetengeneza programu ya tiketi za basi, au ya kuwakumbusha wagonjwa kumeza dawa, hujikuta siku moja ameandika mistari kumi ya JavaScript inayogeuza saa za kimataifa kuwa saa zetu. Mwezi unaofuata anaihitaji kwenye kazi nyingine, anainakili. Kazi ya tatu, anainakili tena. Siku akigundua kosa, analirekebisha mahali pawili, pa tatu pamemtoka akilini.

Hapo ndipo huja wazo la kutengeneza maktaba. Maktaba ya programu haina skrini wala kitufe, na hakuna anayeifungua kwenye simu yake. Ni kipuri. Anayenunua kipuri Kirinyaga Road, Nairobi, haulizi kinavyong'aa rafuni. Anauliza kama kitaingia kwenye gari lake, gari ambalo muuzaji hajaliona na pengine hataliona. Mwandishi wa maktaba yuko kwenye hali hiyohiyo, na mradi wa kuanzia, yaani folda unayoiandaa kabla hujaandika cha maana, kazi yake kubwa ni kumlazimisha akumbuke lile gari.

Mimi nilikumbushwa kwa aibu. Maktaba yangu ya kwanza ilipita majaribio yote, nikaipandisha kwenye npm, ghala kuu la vifurushi vya JavaScript, nikaenda zangu kunywa chai. Kikombe hakijafika nusu, mwenzangu aliyekuwa akiisubiri akaniandikia: "Kaka, hiki kifurushi chako ni kitupu." Nikabisha. Kwangu kila kitu kilikuwa kinafanya kazi! Akanitumia picha ya terminali yake: moduli haionekani.

Kilichotokea ni hiki. Msimbo nilioandika ulikuwa kwenye folda ya src, na ule uliokwisha kujengwa, ulio tayari kwa mteja, ulikuwa kwenye dist. Folda hiyo ya pili niliiorodhesha kwenye faili la .gitignore, kama tufanyavyo wengi, kwa sababu hakuna haja ya kuhifadhi kwenye Git kitu kinachoweza kujengwa upya wakati wowote. Ila npm, isipopewa maelekezo mengine, hulifuata faili hilohilo la .gitignore inapofungasha. Ikaiacha dist nje. Kifurushi kikasafiri na maelezo mazuri ya matumizi, na lebo, yaani sehemu ya "exports" kwenye package.json, inayosema "bidhaa iko dist/index.js", na bidhaa yenyewe imebaki nyumbani. Majaribio yangu hayakuona kitu kwa sababu yalikuwa yakisoma src moja kwa moja. Nilikuwa nimejaribu nilichoandika. Nilichokabidhi sikukigusa.

Tangu siku hiyo, mradi wangu wa kuanzia huanzia mwisho wake. Kabla ya hesabu yoyote ya saa, naandika kwenye package.json sehemu ya "files", inayotaja waziwazi vitakavyoingia kwenye kifurushi. Kisha natoa amri ya npm pack. Amri hii hufungasha kila kitu kama vile unataka kuchapisha, lakini haitumi popote; inakuachia faili moja la .tgz mezani kwako. Nalisakinisha kwenye folda tupu, iliyo nje kabisa ya mradi, naandika mstari mmoja wa kuiita maktaba, naona kama inaitika. Ni kazi ya dakika mbili. Mwenye haraka zaidi anaweza kuongeza --dry-run, akapata orodha ya vitakavyofungwa bila hata hilo faili kutengenezwa.

Jambo la pili ni mlango. Sehemu ya "exports" kwenye package.json hutaja njia ambazo mteja anaruhusiwa kupitia, na ukishaiweka, njia nyingine zote zinafungwa. Faida yake ya pembeni wengi hawaijui: ndani ya mradi wenyewe, majaribio yanaweza kuiita maktaba kwa jina lake la nje, tuseme saa-kiswahili, badala ya kupita uani kwa ../src/index.js. Jaribio linabisha hodi mlango uleule atakaoubisha mteja. Ukikosea njia ndani ya "exports", unajua hapohapo. Lakini hili haliondoi haja ya npm pack, maana ndani ya mradi wako mafaili yote yapo, hata yale yatakayosahaulika safarini.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, tuone jaribio linavyofanya kazi. Kanuni ya kwanza inayomjia mtu ni kuongeza sita, kisha kuchukua baki la kugawa kwa kumi na mbili:

(saa + 6) % 12

Saa 07:00 inatoa 1. Safi. Saa 00:00 inatoa 6, saa sita usiku. Safi. Weka 06:00: inatoa 0. Saa sifuri asubuhi! Hakuna Mswahili aliyewahi kuamka saa hiyo. Kanuni iliyo sawa ni

(saa + 5) % 12 + 1

ambayo kwa 06:00, na kwa 18:00, inaleta 12. Wala jaribio lake halihitaji zana ya kutisha. Node.js, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, ina kiendesha majaribio chake cha ndani, node:test, kilichoingia mwaka 2022 na toleo la 18 na kutangazwa kuwa imara mwaka 2023 katika toleo la 20. Jest na Vitest ni zana nzuri, nazitumia kazini. Lakini kwa maktaba ya mistari kumi, kusakinisha vifurushi chungu nzima ili kuhakiki kujumlisha ni kukodi fuso kubeba mkate. Na kwa sisi tunaonunua intaneti kwa kifurushi cha wiki, folda ya node_modules ina bei yake.

Saa ishirini na nne ni chache kiasi kwamba unaweza kuzijaribu zote. Zijaribu zote.

Hitilafu iliyonitesa zaidi ilikuwa nyingine. Mwanzoni maktaba ilipokea tarehe kamili, kisha ikauliza saa kwa getHours. Kwenye kompyuta yangu, Dar es Salaam, majaribio yote kijani. Kwenye seva inayoyaendesha kila ninapopandisha msimbo, mekundu: badala ya saa moja, inasema saa kumi. Nilitafuta kosa la hesabu jioni nzima, na hesabu haikuwa na kosa. Amri ya getHours hujibu kwa saa za eneo la kompyuta inayoulizwa. Seva ilikuwa kwenye UTC, nyuma yetu kwa saa tatu. Saa moja yetu asubuhi kwake ni 04:00, na 04:00 kwa Kiswahili ni saa kumi, alfajiri. Seva ilikuwa inasema kweli kabisa, ila kuhusu mahali pengine. Siku hizi maktaba hupokea eneo la saa waziwazi, Africa/Dar_es_Salaam kwa mfano, na mradi wangu wa kuanzia huendesha majaribio kwa TZ=UTC hata nikiwa nyumbani, ili nisije nikadanganywa na kompyuta yangu mwenyewe. (Anayetumia Windows ajue kwamba kuandika TZ=UTC mbele ya amri hakukubaliki kwenye cmd.)

Kuhusu kujenga, nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi: usijenge kama hakuna cha kujenga. JavaScript iliishi miaka ishirini bila namna rasmi ya moduli. Node.js, iliyoanza mwaka 2009, ikachukua namna yake ya require. Lugha yenyewe ikapata import na export mwaka 2015. Kwa miaka mingi mwandishi wa maktaba alilazimika kutoa nakala mbili, moja kwa kila upande, na zana kama Rollup zikapata kazi hiyo. Tangu toleo la 22.12 la Node.js, lililotoka Desemba 2024, msimbo wa require unaweza kuita moduli za import bila kuomba ruhusa maalumu. Maktaba ndogo mpya inaweza kuandikwa kwa namna moja na kutumwa ilivyo. Ukiwa unaandika kwa TypeScript, au unawahudumia wenye vivinjari vya zamani, jenga; na hapo weka hatua ya "prepack" kwenye package.json, ili npm ijenge upya yenyewe kila inapofungasha, usije ukatuma dist ya wiki iliyopita.

Vilevile punguza unachoegemea. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kwenye npm kifurushi kiitwacho left-pad, mistari 11 ya kujaza nafasi mwanzoni mwa neno, na miradi isiyohesabika duniani ikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa mpaka kiliporudishwa. Mwaka uliofuata lugha ikapata padStart, inayofanya kazi hiyohiyo bila kusakinisha chochote.

Limebaki swali ambalo hakuna zana inayolijibu: 19:00 ni saa moja usiku au saa moja jioni? Mimi nasema usiku, na ndivyo nilivyosikia maisha yangu yote. Wapo wanaosema jioni, nao hawakosei. Nimeliandika jaribio lake kwa "usiku", na atakayelifungua faili ataona kwamba nilichagua. Nikibadili mawazo kesho, hakuna mradi utakaovunjika, hakuna kosa litakalotokea kwenye terminali ya mtu yeyote. Ila tiketi iliyokuwa ikisema usiku itaanza kusema jioni, kwa abiria ambaye hajawahi kusikia habari za npm. Miradi mingi huruhusu toleo lolote jipya liingie lenyewe mradi tarakimu ya kwanza haijabadilika. Kwa hiyo neno hilo moja halipiti kama 1.0.1. Ni 2.0.0.