Kufuta jina pekee hakutunzi siri ya mgonjwa

Mgonjwa akishuku kuwa habari zake zitatoka nje ya chumba cha daktari, huficha. Atasema anaumwa na kichwa ilhali kilichomleta ni kaswende, au hatataja dawa za Ukimwi anazomeza, nasi tumwandikie nyingine zisizopatana nazo. Kwa hivyo kutunza siri ni sehemu ya matibabu.

Hata hivyo, hospitali haiwezi kufungia kila kitu kabatini. Wizara inataka kujua kipindupindu kimezuka wapi, na watafiti wanahitaji takwimu. Kwa muda mrefu jawabu lilikuwa moja: futa jina, kisha toa rekodi.

Udhaifu wa jawabu hilo ulidhihirika Marekani katika miaka ya 1990. Jimbo la Massachusetts lilikuwa limewapa watafiti rekodi za hospitali za watumishi wake, bila majina. Mwanafunzi wa chuo kikuu, Latanya Sweeney, alinunua orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20 na kuilinganisha na rekodi hizo. Katika orodha hiyo, watu 6 tu walizaliwa tarehe moja na Gavana William Weld. Kati yao 3 walikuwa wanaume, na mmoja pekee ndiye aliyekuwa na nambari ya posta ya gavana. Matibabu ya gavana yakawa wazi.

Hapa kwetu si vigumu zaidi. Ukiandika "mwalimu wa kike, miaka 43, ana mapacha watatu", kata nzima itamjua.

Basi shirika lifanyeje? Kwanza, lipunguze undani: badala ya tarehe ya kuzaliwa liandike "miaka 40 hadi 49", na badala ya kijiji, kaunti. Pili, hospitali kadhaa zinaweza kufanya hesabu kila moja kwenye tarakilishi zake, zikapeleka majumlisho tu bila kutoa faili hata moja.

Njia ya tatu hunifurahisha zaidi. Msingi wake ni wazo alilochapisha Stanley Warner mwaka 1965. Tuseme kampuni inataka kujua ni wafanyakazi wangapi kati ya 1,000 wanaovuta bangi. Kila mmoja arushe sarafu kwa siri. Ikiangukia upande wa picha, aseme kweli. Ikiangukia upande wa pili, aseme "ndiyo" tu. Wakisema "ndiyo" watu 600, yapata 500 wamesemeshwa na sarafu. Wanaosalia ni 100 kati ya 500 waliosema kweli, yaani asilimia 20. Kampuni imepata jibu, lakini haiwezi kumnyoshea yeyote kidole. Wataalamu wameendeleza wazo hili la kuchanganya bahati nasibu na takwimu, na Marekani ilitumia mbinu ya aina hiyo katika sensa ya 2020. Dosari yake ni kwamba kwa kundi la watu 20 hesabu hupotoka mno.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti. Lakini bado kuna zahanati ambako daftari la wagonjwa hulala wazi mapokezini, na karani huita kwa sauti, "Wa kifua kikuu, huku!" Hapo tarakilishi haina la kusaidia.

Nawe uliye meneja, cheti cha mapumziko kinahitaji kukuonyesha idadi ya siku. Jina la ugonjwa usilidai.