Liemba: meli ya vita iliyogeuka mtumishi wa Ziwa Tanganyika

Miongoni mwa wakazi wa Muscat wanaozungumza Kiswahili, si wote wenye asili ya Zanzibar. Wamo ambao wazee wao waliishi Ujiji, Kigoma, Tabora na Bujumbura, na waliorejea Oman baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita nyumbani Waomani waliokuwa ng'ambo.

Kwa watu waliotoka katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, Liemba ni jina lisilohitaji maelezo. Ndiyo meli iliyobeba abiria, wagonjwa, wafanyabiashara na wakimbizi kwa takriban karne moja.

Ilijengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikazama mara mbili na kuibuliwa mara mbili, na imetumikia chini ya tawala tatu. Lakini umri wake mkubwa umezua suala gumu: je, chombo kama hicho kihifadhiwe kama kumbukumbu ya kale, au kikarabatiwe kiendelee na kazi?

Kabla ya moshi, matanga

Uhusiano wa Oman na ziwa hilo ni wa zamani kuliko meli yenyewe. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliotoka pwani walifika Ujiji kwa misafara ya miguu, kupitia Tabora, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Ujiji ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone mwaka 1871.

Kutoka Ujiji vyombo vya matanga vilivuka hadi upande wa Kongo. Miongoni mwa majina makubwa ya biashara hiyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyezaliwa Zanzibar katika ukoo wenye asili ya Oman.

Ziwa lenyewe si dogo. Lina urefu wa takriban kilomita 670, na kina chake kinachofikia karibu mita 1,470 kinalifanya kuwa la pili duniani kwa kina, baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Nchi nne zinalizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Aliyetawala usafiri wa majini alikuwa na nguvu juu ya mwambao wote.

Meli ndani ya makasha

Wajerumani, waliokuwa wakitawala Tanganyika, walilifahamu jambo hilo. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer katika mji wa Papenburg kilijenga meli yenye urefu wa takriban mita 70 na upana wa mita 10. Ilipewa jina la Graf von Götzen, aliyewahi kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Hapakuwa na njia ya maji ya kuifikisha ziwani. Kwa hiyo meli ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Kigoma kwa reli ya kati, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imefika ziwani mwaka 1914.

Njia hiyo haikuwa ngeni. Waingereza nao walikuwa wamepeleka meli za vipande katika Ziwa Victoria. Huko Amerika ya Kusini, Ziwa Titicaca, lililo juu milimani, lilipata meli zake kwa namna hiyo hiyo.

Mafundi watatu kutoka Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walisimamia kazi ya kuiunga upya mabati yake kwa ribiti. Ilishushwa majini Februari 5, 1915, wakati vita vikiwa vimeshapamba moto, na ikaanza kazi katikati ya mwaka huo.

Nguvu yake ilikuwa ya mvuke. Kuni zilichomwa katika tanuri, maji yakachemka ndani ya matangi ya chuma yaliyofungwa, na mvuke uliobanwa ukasukuma mitambo iliyozungusha rafadha chini ya maji. Kila safari ilihitaji shehena ya kuni na watu wa kuzichochea usiku na mchana, katika joto lisilo na nafuu.

Grisi iliyookoa mitambo

Meli hiyo ilisafirisha askari wa Kijerumani kutoka ncha moja ya ziwa hadi nyingine. Waingereza walijibu kwa kuleta boti mbili ndogo za mashine, Mimi na Toutou, zilizoburutwa nchi kavu na kupandishwa milima kupitia Kongo. Boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani Kingani mnamo Desemba 1915, na zikaizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Lakini hazikupambana na Götzen.

Mnamo Julai 1916, Wabelgiji wakiwa wanakaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Kazi hiyo walikabidhiwa wale wale waliosimamia kuijenga.

Mafundi hao hawakuiharibu. Waliipaka mitambo yake grisi nzito, wakaijaza meli mchanga na kuizamisha taratibu tarehe 26 Julai, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Walikusudia kwamba siku moja iweze kuibuliwa.

Wabelgiji waliiibua baada ya vita na kuivuta hadi Kigoma, lakini dhoruba ya mwaka 1920 ikaizamisha tena. Waingereza, waliokuwa wamekabidhiwa Tanganyika, waliinyanyua mwaka 1924. Walipoikagua walikuta mitambo bado inafaa. Grisi ya mafundi wale ilikuwa imefanya kazi yake kwa miaka minane.

Mnamo Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya, Liemba. Ndilo jina ambalo Livingstone aliliandika mwaka 1867 alipofika sehemu ya kusini ya ziwa.

Tegemeo la wasio na barabara

Tangu hapo kazi yake ikawa ya amani. Njia yake kuu ilitoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, safari ya siku mbili hadi tatu, ikipita Kalya, Ikola, Karema, Kipili na Kasanga pamoja na vijiji vingine vya mwambao.

Vituo vingi kati ya hivyo havikuwa na gati. Liemba ilitia nanga mbali kidogo na ufuko na kupiga honi, nazo mashua na mitumbwi ikaifuata. Abiria walipanda na kushuka kwa kushikana mikono kupitia mlango wa ubavuni, hata usiku wa manane, huku watoto, kuku na magunia yakipokezanwa juu ya maji.

Shehena yake ilieleza maisha ya ziwa: dagaa waliokaushwa, migebuka, mawese, mihogo, mahindi na mchele, na kutoka mjini sabuni, sukari na mabati ya kuezekea. Msafiri wa daraja la kwanza alipata chumba na kitanda. Wa daraja la tatu alijitafutia nafasi palipobaki.

Umuhimu wake ulitokana na ardhi. Milima ya Mahale na mabonde ya mwambao wa mashariki iliviacha vijiji vingi bila barabara ya uhakika. Mama mjamzito aliyehitaji hospitali, mwanafunzi aliyerudi shule na mvuvi aliyetafuta soko, wote waliingoja meli ile ile.

Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na injini za dizeli. Mwaka 1993 ilifanyiwa ukarabati mwingine kwa msaada wa Denmark. Kwa hiyo, ingawa wengi waliendelea kuiita meli ya mvuke, kilichosalia cha tangu 1913 ni hasa umbo lake na mabati yake yenye ribiti.

Wakimbizi

Mara mbili meli hiyo iliitwa kwa kazi ambayo waliyoiunda hawakuifikiria. Mwaka 1997, baada ya utawala wa Mobutu kuanguka, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi liliitumia kuwarejesha kwao Wakongo waliokuwa wamekimbilia Tanzania.

Mnamo Mei 2015, machafuko ya kisiasa nchini Burundi yaliwasukuma makumi ya maelfu ya watu hadi Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Barabara hakuna, na kipindupindu kilikuwa kimekwishaingia. Liemba iliwachukua hadi watu 600 kwa safari moja kuwapeleka Kigoma, ambako walisafirishwa hadi kambi ya Nyarugusu. Meli iliyowahi kubeba askari ikawa mlango wa kutokea kwa waliokimbia machafuko.

Makumbusho au kazi?

Muscat yenyewe ina mfano wa jibu la kwanza. Karibu na hoteli ya Al Bustan Palace limewekwa jahazi Sohar, lililojengwa mjini Sur mwaka 1980 bila misumari, mbao zikishonwa kwa kamba za makumbi, kama zilivyoshonwa zamani mitepe ya Lamu. Likiongozwa na Tim Severin, lilisafiri hadi China, likafika mwaka 1981. Leo limetulia katikati ya mzunguko wa barabara, likitazamwa na wapitao kwa magari.

Sohar lilijengwa kwa safari moja, na safari hiyo ilikamilika. Hali ya Liemba ni tofauti. Mjadala kuhusu hatima yake umefika hadi Ujerumani, ambako wamekuwapo waliotaka ihifadhiwe kama kumbukumbu ya historia yao. Lakini makumbusho hayambebi mgonjwa kutoka Kalya hadi Kigoma.

Kwa upande mwingine, kuipakia watu meli yenye umri wa karne moja si jambo la kuchukuliwa kwa wepesi. Afrika Mashariki haijasahau Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria na mamia ya watu kupoteza maisha. Sifa ya ukongwe haizibi tundu la kutu.

Liemba ilisimamisha safari zake kuelekea mwisho wa miaka ya 2010 ikisubiri matengenezo, na mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilitia saini mkataba wa kuifanyia ukarabati mkubwa. Iliposimama, watu wa mwambao hawakuacha kusafiri. Waliendelea kwa maboti ya mbao, yasiyo na vyumba wala kinga ya kutosha dhidi ya mawimbi ya ziwa lenye kina kama hicho.

Hiyo ndiyo hasara ambayo wanaoijadili meli hii kutoka mbali huielewa kwa shida. Mwaka 1916 mafundi watatu waliipaka mitambo grisi kwa sababu waliamini kazi yake haijakwisha. Kwa vijiji visivyo na barabara, bado haijakwisha.