Mila za Watu Wazima wa LEGO

Watu kumi wananunua seti ileile ya matofali ya kuchezea ya LEGO, kila mtu boksi lake. Badala ya kila mmoja kwenda kujenga kwake, wanakutana ukumbini, wanapasua mifuko yote na kumwaga vipande mezani. Kisha wanachambua: madirisha meupe huku, mabamba meusi kule, vichwa vya vikaragosi kwenye bakuli lao. Wakimaliza wanapiga kura nani aanze. Wa kwanza anachukua fungu moja, tuseme madirisha yote ya maboksi kumi. Wa pili anachukua lake, na zamu inakwenda hivyo hadi kwa wa kumi, ambaye huchagua mara mbili kabla zamu haijaanza kurudi ilikotoka. Anayejua kucheza upatu ataielewa desturi hii bila kuelezwa. Kila mtu ametoa sawa na mwenzake, na kila mtu anaondoka na kitu ambacho peke yake asingekipata kwa wingi huo. Mwenye kujenga kanisa kuu hana kazi na madirisha matano, anataka hamsini. Mwenye kujenga msitu anataka majani, tena majani matupu, na hajali nani amechukua milango.

Nimeanza mezani kwa sababu huko ndiko tabia ya jamii hii inakoonekana vizuri. Ni jamii isiyo na nchi. Wamo wahandisi, walimu, wanasheria, mafundi na wastaafu, wengi wao Ulaya, Amerika Kaskazini, Japani na Australia, na wamejiunga katika vikundi vya miji na mikoa. Hujiita AFOL, yaani mashabiki wa LEGO walio watu wazima. Wengi wana simulizi inayofanana: alicheza utotoni, akaacha ujanani, akarudi ukubwani. Miaka ile ya kuacha wanaiita kipindi cha giza, na mgeni kikundini huulizwa mapema chake kilidumu kwa muda gani na kilikatishwa na seti ipi. Kwenye maonyesho mwanachama huvaa kifuani tofali lililochongwa jina lake. Anayekuja kukusalimia anakujua kwanza kwa kazi uliyoiweka mezani, halafu kwa jina. Cheo chako cha ofisini hakiulizwi.

Kinachowezesha yote haya ni uamuzi wa zamani. Ole Kirk Christiansen, fundi seremala wa Billund nchini Denmark aliyeanzisha LEGO, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Matofali ya plastiki yalikuja 1949, lakini yalikuwa matupu ndani na hayakushikana imara. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred, aliomba hataza ya tofali lenye vinundu juu na mirija ndani, na mshiko ule haujabadilika hadi leo. Tofali lililomwagwa kiwandani mwaka ule linaingia barabara kwenye lililotoka wiki iliyopita. Kwa hiyo hakuna seti inayozeeka kabisa, na mali ya babu inachanganyika na ya mjukuu ndani ya ukuta mmoja. Matofali sita tu ya vinundu vinane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Wajenzi wanaitaja hesabu hiyo kwa fahari, na wana haki.

Uhuru mkubwa kiasi hicho umezaa sheria, tena kali. Mshika mila hakati kipande, hapaki rangi, hatumii gundi. Kuna hata miunganiko inayoitwa haramu. Bamba ukilisimamisha kwa ubavu katikati ya vinundu litaingia, lakini plastiki itakuwa imebanwa kuliko ilivyokusudiwa, na baada ya muda huchoka. Aliyeifundisha jamii somo hili kwa upana ni Jamie Berard, Mmarekani aliyeanza kama shabiki kisha akaajiriwa na kampuni ya LEGO kuwa mbunifu. Mwaka 2007 ilitoka seti yake ya Cafe Corner, jengo la kona lenye vipande 2,056, na tangu hapo kila mwaka jengo jipya huongezwa kwenye mtaa uleule na kushikizwa kwa pini kwa jirani yake. Wapo waliomaliza kabati zima kwa mtaa huo, na bado picha ya jengo la mwaka mpya ikitoka wanakesha wakiijadili.

Mjadala huo nao una taratibu zake. Kwanza bei: watu hugawa bei kwa idadi ya vipande, na senti kumi za Marekani kwa kipande ndicho kipimo cha zamani ambacho wengi bado wanaanzia. Halafu mapambo: je, yamechapishwa kwenye plastiki au mnunuzi atabandika stika? Stika hupinda, hubanduka, na tofali lenye stika haliingii kirahisi kwenye kazi nyingine. Katika boksi la bei kubwa, lenye alama ya 18+ ambayo kampuni ilianza kuiweka mwaka 2020, malalamiko haya nayaona ya haki kabisa. Mwisho, na hapa ndipo mafundi wanapochangamka, huja vipande vyenyewe: kuna umbo jipya? Kuna umbo la zamani katika rangi ambayo haikuwahi kuwepo? Wengine hununua seti kwa ajili ya kipande kimoja cha kijani kilichofifia na hawaijengi hata siku moja.

Asiyeelewa uzito wa rangi aambiwe habari ya kijivu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ilikuwa kwenye hali mbaya ya fedha, na katika mabadiliko ya wakati huo ikaondoa kijivu cha zamani, kilichofifia na kilichokoza, ikaleta kijivu chenye ubluu. Kahawia nayo ikabadilishwa. Kufikia 2004 kilio kilikuwa kimetanda. Fikiria mtu aliyekusanya matofali ya ngome kwa miaka kumi na ukuta wake uko nusu. Kuanzia siku hiyo hataweza kuumaliza bila mstari unaoonekana. Hasira ile naiheshimu. Haikuwa deko la watu wazima waliokosa kazi. Walikuwa wanadai ahadi ya 1958, kwamba cha jana na cha leo vitakaa pamoja.

Uhusiano na kampuni ulibadilika baadaye, na mlango uliofunguka zaidi ulianzia Japani. Mwaka 2008 ulizinduliwa huko mpango uliomruhusu mtu wa kawaida kupendekeza seti na kutafuta wa kumuunga mkono. Seti ya kwanza kupita njia hiyo ilikuwa Shinkai 6500, chombo cha utafiti wa kina cha bahari, iliyouzwa Japani 2011. Mpango ukapanuliwa duniani, na mwaka 2014 ukapewa jina la LEGO Ideas. Masharti ni mepesi kuyasema na mazito kuyatimiza: pata watu 10,000 wa kukuunga mkono, kisha subiri jopo la kampuni. Likikubali, jina na picha yako vinaingia kwenye kijitabu cha maelekezo, nawe unapata asilimia moja ya mauzo halisi.

Njia hiyo imeleta vitu ambavyo kiwanda peke yake kisingethubutu. Ellen Kooijman, mwanasayansi wa miamba kutoka Uholanzi, alileta wanawake watatu kazini: mwanaastronomia, mtaalamu wa visukuku na mwanakemia. Seti yake ilitoka 2014 na ikaisha madukani haraka. Roketi ya Saturn V ya 2017, yenye urefu wa karibu mita moja, ina vipande 1,969 hasa, mwaka ambao binadamu alikanyaga mwezi. Donny Chen, mwalimu wa muziki kutoka China, alileta piano kubwa iliyotoka 2020 ikiwa na vipande 3,662 na vibao vinavyobonyezeka kweli.

Hata hivyo, mawazo mengi yanayofika 10,000 hukataliwa, na hapo jamii inaonyesha utu wake. Aliyekataliwa hupokewa kama mfiwa, kazi yake ikaendelea kutajwa na kusifiwa. Shida ninayoiona mimi iko mapema zaidi, kwenye kutafuta watu. Wazo lenye filamu maarufu nyuma yake hukimbia, na nyumba ndogo iliyojengwa kwa akili nyingi hubaki na waungaji mia mbili. Mjenzi analazimika kuwa mpiga kampeni, na si kila fundi ana mdomo. Ndiyo maana wengi walifurahi mwaka 2021 BrickLink, soko la vipande ambalo LEGO ililinunua 2019, lilipozipa baadhi ya kazi zilizokataliwa nafasi ya pili kwa watu kuagiza na kulipa mapema.

Mila ninayoithamini kuliko zote ni kumtaja mwenye jambo. Ukijifunza namna ya kulaza matofali ili vinundu vitazame pembeni, ukaitumia kwenye mnara wako, unasema umeitoa kwa nani. Kuazima ni ruhusa, tena ni sifa kwa aliyeazimwa. Kunyamaza ndiko aibu. Ndiyo maana Lepin ya China iliwakera hata wale wasioipenda bei ya LEGO. Haikunakili seti za kampuni tu, ilinakili pia kazi za mashabiki na kuziuza bila jina wala senti kwa aliyezibuni. Polisi wa China walipokivamia kiwanda chake mwaka 2019, wajenzi wengi waliona wametetewa wao pia.

Jamii hii bado ina wanaume wengi kuliko wanawake, na bei inawaweka wengi nje. Lakini mipaka yake inasogea. Ekow Nimako, msanii wa Toronto mwenye asili ya Ghana, anajenga kwa matofali meusi matupu. Mwaka 2019 alijenga Kumbi Saleh, mji wa dola ya kale ya Ghana, akiuwazia utakavyokuwa miaka elfu moja ijayo, kwa vipande vipatavyo 100,000.

Na kwa asiye na kipande hata kimoja, mlango wa kuingilia ulijengwa na James Jessiman wa Australia. Mwaka 1995 aliandika LDraw, programu ya kuunganisha matofali ndani ya kompyuta, akaitoa bure. Alifariki 1997, akiwa kijana. Watu wa kujitolea wameendelea kuchora kipande kimoja kimoja cha LEGO kwa mfumo wake, tuzo ya wachoraji hao ina jina lake, na programu ya Studio inayotumika zaidi leo, ambayo nayo ni ya bure, inategemea maktaba hiyo. LEGO Ideas hupokea hata kazi iliyojengwa kwenye kompyuta pekee. Mtu wa Lamu anaweza kuketi usiku huu akapanga matanga ya jahazi kinundu kwa kinundu, na watu wa Billund na Chicago wakamuuliza kesho yake ameyapindaje.